Mafuta yangu ya minti hayana baridi. Nimepigwa?

MamaRehani
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wapendwa. Natengeneza sabuni za vipande na mafuta ya mwili hapa Tabata, jikoni kwangu mwenyewe, huu mwaka wa tatu. Sijasomea, nimejifunza kwa kuharibu.

Tangu Januari wateja wangu, wengi wao wa saluni, wananisumbua na sabuni ya "baridi". Joto mnalijua. Unatoka bafuni, hujamaliza kujifuta umeshalowa jasho tena. Wanataka sabuni ambayo ukishaoga ngozi inabaki kama imepulizwa. Nikajisemea hiyo si minti tu, nini kingine. Nikapanda gari la Kariakoo. Maduka matatu wananionyesha manukato ya chupa za plastiki, la nne nikamkuta kijana ana mafuta yenyewe kwenye vichupa vya kahawia. Mililita 30, shilingi 45,000. Nilibishana naye karibu nusu saa, hakushuka hata mia. Lakini alipofungua kizibo harufu ikajaa duka zima, nikasema hapa nimefika.

Nyumbani nikachanganya tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, nikapaka shingoni, nikakaa mbele ya feni kusubiri baridi. Nikasubiri mpaka maharage yakaiva. Kibaridi nikawa nakisikia kwa mbali. Kisha umeme ukakatika, feni ikasimama, na baridi ikaisha hapo hapo. Kumbe ilikuwa ya feni.

Harufu ipo, sikatai, tena nzuri: tamu, mbichi, ile ya jojo tulizokuwa tunaficha chini ya ulimi mwalimu akiingia. Nikajidanganya kwamba labda kwenye sabuni itaamka. Nikatengeneza vipande 12: gramu 650 za mafuta ya nazi na mawese, nikamiminia mililita 14, karibu nusu ya chupa. Pigeni hesabu, hiyo ni shilingi 21,000 ya harufu peke yake. Vikakaa wiki tano kukauka. Mteja wa kwanza niliyempelekea kanitumia ujumbe: "Dada, hii inanukia dawa ya meno ya watoto. Baridi iko wapi?"

Kwenye chupa pameandikwa spearmint, na chini yake kwa herufi za mlazo Mentha spicata. Nimepigwa? Na hivi vipande 11 vilivyobaki nifanyeje, nifulie?

KondaWaZamani
Jumamosi, saa 4:31 usiku

Umepigwa dada, pole sana. Mimi niliwahi kununua asali mtaa wa pili yake, nimefika nyumbani ni sukari guru na maji. Chai ilikuwa nzuri lakini.

MwlKemia_Changombe
Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Mama Rehani, hujapigwa. Na wewe Konda usimtie mwenzio presha usiku.

Shida ni kwamba minti ni ukoo, sio mtu mmoja. Uliyonunua, Mentha spicata, ndio mnanaa wetu wa siku zote: ule unaouzwa kwa mafungu pale Kisutu pamoja na giligilani, unaotiwa kwenye biriani na kwenye chai. Unayoitafuta wewe ni Mentha piperita, peremende. Huyo ni chotara: mzazi mmoja ni huo huo mnanaa wako, mwingine ni mnanaa wa majini, Mentha aquatica. Kuna na ndugu wa tatu, Mentha arvensis, analimwa sana India, na ndiye wanayemtolea mentholi ya fuwele, zile chembe nyeupe kama chumvi ya mawe ambazo ukinusa karibu machozi yanakutoka.

Baridi inatoka kwenye mentholi. Mafuta ya peremende mara nyingi yana mentholi asilimia 30 mpaka 50. Ya mnanaa kwa kawaida hata asilimia moja hayafiki. Kwa hiyo ungemimina chupa nzima shingoni ungepata muwasho, baridi usingeipata.

Na hiyo baridi yenyewe, nisikilize, ni uongo. Ngozi haipoi. Kwenye mishipa ya fahamu kuna vijilango vya kupokea habari za baridi, na mentholi inavifungua bila baridi yoyote kuwepo. Ubongo unaambiwa pamepoa wakati kipimajoto kinasema vile vile. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwenye maabara yake huko Marekani, walitumia mentholi kukitafuta kijilango hicho wakakipata. Mwaka 2021 wakapewa Nobeli. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini siku ile niliwapigia simu wanafunzi wangu watatu wa zamani kuwaambia, na mmoja alidhani nimefiwa.

Sasa wewe kwenye chupa yako una nini? Una karvoni. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mnanaa ni karvoni, ndiyo yenye ule utamu wa jojo. Inayofuata ni limonini, ile iliyojaa kwenye maganda ya machungwa na malimau, ndiyo inayoyafanya mafuta yako yanukie mepesi ukifungua tu.

Kama una dakika kumi, nenda dukani kwa Mhindi ununue kisibiti cha shilingi mia tano. Kiponde, unuse, kisha unuse chupa yako. Ni vitu viwili tofauti kabisa, sivyo? Lakini harufu ya kisibiti nayo ni karvoni. Molekuli ile ile, atomi zile zile kwa idadi ile ile, ila imegeuzwa kama kwenye kioo. Nilikuwa nawafundisha kidato cha sita kwa kandambili. Ya kushoto na ya kulia zina uzito mmoja, plastiki moja, rangi moja. Jaribu kuvaa ya kushoto mguu wa kulia. Pua nayo ina miguu yake: karvoni ya mkono mmoja inaisoma mnanaa, ya mkono wa pili inaisoma kisibiti. Mwaka 1971 wanakemia walichapisha vipimo vya kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya harufu ni ya kweli, sio uchafu uliobaki ndani ya mafuta kama wengine walivyokuwa wanadai.

Ukitaka kujitoa wasiwasi wa feki, dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe uiache mpaka kesho. Likiacha doa linalong'aa kama karatasi ya chapati, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Likipotea, angalau hayajachanganywa na mafuta mazito. Kipimo hiki hakikamati kila ujanja, lakini ule wa kijinga kinaukamata.

MamaRehani
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Mwalimu shikamoo, na asante. Nimefanya yote, maana nikiambiwa jambo silali.

Nilikata vipande vitatu vya karatasi kwenye daftari la mwanangu (ameshanisema), nikadondoshea, nikavibana dirishani na vibanio vya nguo. Dakika za mwanzo inanukia kama umevunja shina bichi mkononi, na kwa mbali kuna ganda la limau. Nusu saa baadaye ule ulimau umeondoka, imebaki jojo tupu. Saa tano usiku kabla ya kulala nikanusa tena: hafifu, nzito kidogo, kama majani ya chai makavu yaliyokaa kwenye kopo moja na pipi. Asubuhi karatasi kavu, doa hakuna. Ila pazia la dirisha hilo mpaka leo linanukia, mume wangu anauliza nani amepiga mswaki sebuleni.

Kisibiti nacho nimenunua. Nilivyoponda tu nikajikuta jikoni kwa bibi yangu Pangani, mikate ya kumimina iko juani. Nikanusa chupa. Nikanusa kisibiti. Nimerudia hivyo mara sita na bado siamini ni kitu kimoja, ila nikifumba macho kuna mahali fulani nyuma ya pua vinakutana. Au ni wewe Mwalimu umeshaniroga.

Sasa nina jingine. Jana niligawa mafuta kidogo ili nipime, nikayaweka kwenye kile kikombe cheupe chepesi cha kuuzia supu, kile ukikibonyeza kucha inaacha alama. Nimegeuka kuchukua kijiko, nimerudi kikombe kimebonyea chini kama kimeliwa, na mafuta yako kwenye kitambaa cha meza. Elfu nne yangu imekwenda hivyo. Hii ni kawaida au mafuta yana tindikali?

MwlKemia_Changombe
Jumatatu, saa 3:22 usiku

Marahaba. Tindikali hakuna. Ni ile limonini, inayeyusha plastiki ya aina hiyo. Kioo tu, mama. Kioo au chuma kisichoshika kutu.

BintiWawi
Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Dada MamaRehani, mimi ni wa Pemba, niko Ilala miaka saba sasa. Nyumbani kwetu si mbali na kiwanda cha makonyo pale Wawi, kwa hiyo nimekua na moshi wa karafuu kwenye nguo za shule. Makonyo ni vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, vinatolewa mafuta kwa mvuke. Mnanaa ni hivyo hivyo. Haukamuliwi kama nazi. Majani yanapigwa mvuke, mvuke unabeba mafuta, ukipozwa unarudi maji na mafuta yanajitenga. Tofauti moja tu: ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Ya mnanaa yanaelea. Mtu akikuuzia "mafuta halisi ya karafuu" yanaelea kwenye glasi ya maji, mrudishie.

Nakuja kwenye sabuni yako. Kiasi ulichoweka sio kibaya. Mililita 14 kwenye gramu 650 ni kama asilimia mbili, sabuni ya kuoga na kusuuza inabeba. Mafuta ya kupaka yakakaa mwilini ndiyo ya kuangalia: usizidi asilimia moja. Chupa ya mililita 30 ya mafuta ya nazi au ya alizeti, matone sita ya mnanaa, basi. Nimeona mtu anaweka ishirini kwa sababu "halinukii vizuri", shingo ikatoka vipele kama joto la mtoto. Karvoni ikizidi ngozi nyingine inaikataa, na ikishakataa mara moja itaendelea kukataa.

Usitie mafuta wakati mchanganyiko wa kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) bado wa moto. Subiri ushike kama uji mwepesi na upoe kidogo, ndipo utie mwishoni. Vinginevyo unapikia majirani harufu.

Kuchanganya: mnanaa na mchaichai wanapendana sana, na mchaichai ni rahisi kupata. Mnanaa peke yake kwenye sabuni ni wa kitoto kweli, mteja wako hajakosea. Weka mafungu mawili ya mnanaa kwa moja la mchaichai, inakuwa harufu ya mtu mzima aliyetoka kuoga. Rozmari pia. Karafuu tone tu, tena uwe na adabu nayo, inaunguza ngozi.

Chupa yenyewe itoe jikoni. Joto la Dar na hewa vinaichosha, baada ya miezi inanukia kama rangi ya ukuta. Mimi yangu iko mlangoni mwa friji, nyuma ya maziwa, kizibo kimekazwa.

Na ukiandika karatasi ya kubandika, usiandike inatibu chochote. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, siku ukitaka kuingia dukani kwa watu watakuuliza. SIDO, wale wa viwanda vidogo, nao wanafundisha utengenezaji wa sabuni.

BajajiYaMbezi
Jumanne, saa 7:15 mchana

Nimesoma yote nikiwa foleni hapa Kimara. Wacha niseme ya peremende, maana dada anaonekana anataka kwenda kuinunua.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mke wangu aliniletea kichupa cha peremende. Nikasoma mahali kwamba unatia kwenye maji ya kuoga. Nikatia matone kumi kwenye ndoo. Wakuu, mafuta hayachanganyiki na maji. Yanakaa juu yanakungoja. Kopo la kwanza nikajimwagia kichwani likashuka mgongoni, nikasema aah raha. Likaendelea kushuka. Lilipofika lilipofika nilipiga kelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga mlango. Nikaongeza maji, ikazidi. Baridi yenye moto, sijui niieleze vipi. Aliyeniokoa ni mke wangu, alinipa mafuta ya kupikia nijipake, kisha sabuni, kisha maji. Alicheka mpaka Pasaka.

Tangu hapo peremende nimemwachia yeye. Mnanaa ndio wangu. Naweka matone mawili kwenye pamba, nabana karibu na kioo cha mbele cha bajaji asubuhi. Peremende nilijaribu hapo hapo, abiria mmoja macho yakamtoka machozi, akashuka Mbezi Mwisho analaumu kitunguu. Ya mnanaa hakuna anayelalamika. Kuna mama mmoja wa Goba ananiuliza kila siku nimetafuna nini.

NeemaYaMoyo
Jumanne, saa 2:00 usiku

Samahani kuingilia. Mwanangu ana miezi mitano, ana mafua, hapumui vizuri usiku. Kama mnanaa hauna ukali, naweza kumpaka kidogo kifuani na chini ya pua? Na hayo mafuta ukitia tone kwenye chai vipi? Kuna mtu kaniambia yanafukuza na mbu.

NesiWaZamu
Jumanne, saa 2:09 usiku

Neema, usimpake. Kifuani hapana, puani hapana kabisa. Vitu vyenye mentholi vikiwekwa karibu na pua ya mtoto mchanga vinaweza kumbana pumzi, na mnanaa, hata kama mentholi yake ni kidogo, nao ni mafuta makali mno kwa umri huo. Kwa mafua mtilie matone ya maji ya chumvi ya kusafishia pua, yale ya duka la dawa, na umnyonyeshe mara kwa mara. Akipumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, au akikataa kunyonya, usisubiri asubuhi, mpeleke kituo cha afya.

Chai: tia majani. Tone moja la mafuta limetoka kwenye majani mengi sana, na halichanganyiki na maji, linakwenda kukaa sehemu moja ya koo. Yafungie mbali na watoto, hasa ya kichupa kidogo kinachonukia pipi.

Mbu: tumia chandarua.

NeemaYaMoyo
Jumanne, saa 2:14 usiku

Asante dada nesi. Nimeelewa, naenda kununua hayo matone.

MamaRehani
Jumapili iliyofuata, saa 11:20 jioni

Narudi na habari, na jambo moja la aibu.

Vipande 11. Viwili nimevigawa kwa majirani. Tisa nilivifunga upya, kwenye karatasi nikaandika kwa kalamu "Sabuni ya nanaa, haina baridi". Nilidhani nitachekwa. Dada mmoja wa saluni ya Segerea alichukua vinne mara moja. Anasema wateja wake wanaotoka kunyolewa nyusi na kusafishwa uso hawataki kitu cha kuchoma, sabuni ya peremende waliwahi kuletewa na mtu ikawaliza. Vitatu kavichukua mama mmoja mwenye wajukuu. Viwili viko kabatini kwangu kati ya mashuka, na hivyo siuzi.

Mchanganyiko wa mchaichai nimeujaribu kwanza kwenye karatasi kama Mwalimu alivyonifundisha. BintiWawi, mbili kwa moja mchaichai ulimfunika mwenzake, nimekwenda tatu kwa moja. Kesho namimina.

Sasa aibu. Ijumaa nilirudi Kariakoo kununua peremende kwa wale wanaong'ang'ania baridi. Nimemkuta kijana yule yule. Nilikuwa nimejiandaa kumsema kidogo, sio sana, kwamba mteja asiyejua huelezwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga makopo: "Si nilimuuliza huyu mama siku ile, unataka ya baridi au ya tamu?"

Na kweli aliniuliza. Nimekumbuka palepale. Nilimjibu, "Yoyote, wewe nipunguzie bei."